Leo Detroit, kesho Toledo: mkataba wa mchezaji wa hoki unavyoamua atalala wapi

Kuna swali naulizwa sana na wazazi wa Kiswahili wanaoishi Grand Rapids, Michigan, wengi wao ni familia zilizotoka Kongo na watoto wao wameshaanza kuipenda hoki ya barafuni maana uwanja wa Van Andel uko pale pale mjini, wanasema jana tumemuona yule kijana anacheza na Griffins, timu ya hoki ya hapo mjini, leo yuko kwenye tivii amevaa jezi ya Detroit, kesho kutwa karudi tena, sasa huyu kauzwa, kaazimwa au kafukuzwa? Kazi yangu kwenye taasisi yetu ni kuelimisha watu kuhusu mikataba ya kazi, na kwakweli sijaona mchezo mwingine ambao karatasi inamsukuma mtu huku na huko kama huu, ndo maana leo nataka tuelewane vizuri.

Tuanze na ngazi zenyewe. Juu kabisa kuna NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, timu 32. Chini yake kuna AHL, nayo timu 32, kila moja imefungamana na timu yake ya juu. Chini ya hapo kuna ECHL, ligi iliyoanza 1988. Kwa watu wa Michigan mnyororo uko hivi: Detroit Red Wings juu, Grand Rapids Griffins katikati, Toledo Walleye ya kule Ohio chini. Sasa wengi wanadhani Griffins ni mali ya Detroit, hapana, Griffins ina wenyewe, ila wachezaji wengi unaowaona pale wamesaini na Detroit, wengine wamesaini na Griffins tu, na wapo ambao hawana hata mkataba wa msimu mzima. Jezi moja, basi moja, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, lakini ukiwauliza mwajiri wako nani kila mtu atakutajia wake. Hili ukilishika, mengine yote yanaeleweka.

Wale waliosaini na Detroit wana mkataba wa NHL, na timu ya NHL hairuhusiwi kuwa na mikataba zaidi ya 50 kwa wakati mmoja, na kwa sehemu kubwa ya msimu kikosi cha juu hakizidi watu 23. Piga hesabu mwenyewe, waliobaki lazima wacheze mahali, na mahali penyewe ni AHL. Kijana anayeanza anapewa mkataba wa njia mbili, yaani ndani yake kuna mishahara miwili, mmoja akiwa juu na mwingine akiwa chini, na unahesabiwa kwa siku. Msimu wa 2025-26 mshahara wa chini kabisa NHL ulikuwa dola 775,000. Tuseme kijana huyo akiwa AHL analipwa 80,000. Ukigawa kwa siku 190 hivi za msimu, siku moja akiwa juu ni kama dola 4,000 na siku moja akiwa chini ni kama 420. Kwahiyo ukisikia kapandishwa siku tisa alafu karudishwa usiseme hajafanya kitu, siku hizo tisa zimemletea hela ya karibu nusu msimu wa chini! Na timu nayo inajua, ndo maana zamani ulikuwa unaona mtu anashushwa siku ambayo hakuna mechi na anapandishwa tena asubuhi ya mechi, kwenye karatasi tu, yeye mwenyewe wala hajatoka hotelini.

Mwenye mkataba wa njia moja ni tofauti. Watu wanadhani maana yake hawezi kushushwa. Anaweza, ila mshahara unabaki ule ule popote alipo.

Sasa weiva. Timu ikitaka kumshusha mchezaji aliyeshakomaa kazini inabidi kwanza imtangaze kwa timu zingine zote kwa saa 24, na yoyote ikimtaka inamchukua na mkataba wake kama ulivyo, zikimtaka zaidi ya moja anaenda kwa iliyo chini zaidi kwenye msimamo. Asipochukuliwa ndo anashushwa. Vijana wamesamehewa weiva kwa muda fulani, inategemea alisaini na umri gani na kacheza mechi ngapi za NHL, na huo msamaha ambao kwenye jina unaonekana kama faida ya mchezaji mara nyingi ndo unaomfunga. Mfano mzuri uko hapo hapo Grand Rapids. Mwaka 2013 Griffins walichukua Calder Cup, kombe la AHL, wakiwa na Gustav Nyquist na Tomas Tatar, na Tatar ndo alikuwa mchezaji bora wa pleiofu, yaani mechi za mtoano za mwisho wa msimu. Msimu uliofuata Detroit walikuwa wamejaza kikosi, Tatar msamaha wake ulikuwa umeisha, wangemshusha wangempoteza, wakambakiza. Nyquist msamaha ulikuwa bado, akarudishwa Grand Rapids, na sio kwamba alikuwa mbovu, alipoitwa tena Novemba alicheza mechi 57 za NHL na kufunga magoli 28. Mtu wa magoli 28 alianza msimu ligi ya chini kwa sababu karatasi yake ilikuwa rahisi kuhamisha kuliko ya mwenzake! Mimi hili huwa linaniuma, maana mzazi aliyeko nyumbani anaona mwanae karudishwa na anafikiri ameshindwa.

Kundi la pili ni wenye mkataba wa AHL tu. Hawa Detroit haiwezi kuwaita mpaka kwanza isaini nao mkataba wa NHL, alafu Griffins inaweza kuwatuma Toledo ikiona nafasi imebana. Kundi la tatu ni wa majaribio, hapa naomba msome pole pole. Mkataba wa majaribio wa AHL unaenda mpaka mechi 25, na wakati wowote ndani ya hizo timu inaweza kumwachia mchezaji, hakuna kusubiri msimu uishe. Wengi wao wanatoka ECHL, golikipa wa Griffins akiumia Jumanne, Jumatano kijana wa Toledo yuko njiani na begi lake, na aliyeumia akipona yeye anarudi alikotoka.

Kule ECHL wanalipwa kwa wiki, timu ina kikomo cha mshahara wa wiki kwa kikosi kizima, na timu inampa mchezaji nyumba ya kukaa wakati wa msimu. Hiyo nyumba ni sehemu kubwa ya malipo, ichukulieni hivyo mnapolinganisha. Ligi pia inazuia timu kujaza wakongwe, wenye mechi nyingi za kulipwa wanaruhusiwa wachache tu, kwahiyo mtu wa miaka 29 anaweza kuachwa na sababu sio kiwango, ni idadi. AHL nayo ina sheria inayofanana, kati ya wachezaji 18 wanaovaa kwa mechi, ukiacha magolikipa, 13 lazima wawe bado wanakua kimchezo.

Alafu kuna lugha ya matangazo. Ukiona ECHL wameandika mchezaji kasimamishwa na timu usikimbilie kusema kafanya utovu wa nidhamu, mara nyingi kaenda Ulaya au kastaafu na timu inataka kushikilia haki zake asije akarudi akacheza kwa jirani. Na ukiona kabadilishwa kwa makubaliano ya baadae maana yake deni lipo, timu itakuja kulilipa kwa kutoa mchezaji mwingine mbele ya safari.

Anayedhani haya yanawahusu vijana wadogo tu amkumbuke John Scott, mchezaji mkongwe wa NHL. Mashabiki walimpigia kura awe kepteni kwenye mechi ya nyota wa NHL, Januari 15, 2016 Arizona wakamhamishia Montreal, nao wakampeleka St. John's, Newfoundland, kwenye AHL, upande mwingine kabisa wa bara, na mke wake alikuwa na mimba ya mapacha. Mkataba wake haukuwa na kipengele cha kukataa kuhamishwa. Kwenye mechi ya nyota alicheza hatimae, kule Nashville, akafunga mawili na akatoka mchezaji bora, ila kuhamishwa kwenyewe hakukufutwa. Kipengele hicho ni mstari mmoja wa maandishi, na wanaopewa ni wachache, waliokwisha kuwa na nguvu ya kudai.

Kwa wazazi wenye watoto wa miaka 15 au 16, kuna kitu kimebadilika na wengi bado wanaambiana habari ya zamani. Zamani kijana akicheza ligi kubwa za vijana za Canada, zile za CHL, vyuo vya Marekani vilimhesabu kama mchezaji wa kulipwa na mlango wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo hivyo, ulifungwa hapo hapo. Novemba 2024 NCAA waliibadili hiyo, na tangu Agosti 1, 2025 kijana aliyetoka CHL anaweza kucheza daraja la kwanza la chuo. Ila akishasaini mkataba wa NHL ni habari nyingine, hapo chuo kimeisha, kwahiyo karatasi ikiletwa mezani muulize aliyeileta vitu hivi kabla kalamu haijashikwa: mwajiri ni nani, nikishushwa nalipwa ngapi, naweza kutumwa mpaka ligi gani bila kuulizwa, na nikiumia nikiwa kwenye majaribio nani analipa hospitali. Asipokujibu hilo la mwisho kwa maandishi, mwambie utasaini wiki ijayo.