Mahema, Barabara na Madiwani wa Portland: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukimtumia ndugu aliyeko nyumbani picha ya mahema yaliyobanana kando ya barabara mjini Portland, jimbo la Oregon, jibu huwa lile lile: hivi hii kweli ni Marekani? Ndiyo, ni Marekani. Januari 2024, hesabu ya usiku mmoja ifanywayo nchi nzima ilipata watu 771,480 wasio na makazi, na Oregon, kama California, walio wengi walikutwa nje kabisa, hawamo katika hifadhi yoyote, yaani nyumba ya kulala ya muda.

Upande wa mashariki wa Portland, ambako familia nyingi za wahamiaji, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili, zimepanga nyumba, mahema hayo hupitwa kila asubuhi na watoto wa shule na watu wanaotoka zamu ya usiku. Kwa hiyo suala linatuhusu. Lakini mjadala wa madiwani hutufikia umekatwakatwa, kipande cha hukumu hapa, maneno ya jirani pale, na mengi yanayorudiwa si kweli.

"Mahakama ya Juu ilishamaliza kesi, sasa waondolewe tu"

Kesi inayotajwa ni ya Grants Pass, mji wa watu wapatao 38,000 kusini mwa Oregon. Tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba kumtoza faini mtu kwa kulala nje hakuhesabiki kuwa adhabu ya kikatili inayokatazwa na Marekebisho ya Nane ya Katiba, hata kama vitanda vya hifadhi havitoshi. Kinga iliyokuwepo majimbo ya magharibi tangu hukumu ya 2018 ya mji wa Boise, jimbo la Idaho, ikaondoka. Wengi huishia hapo kusimulia.

Hukumu ile haikuamuru mji wowote kumfukuza mtu. Ilisema tu kwamba kipengele hicho cha Katiba hakiuzuii. Na Oregon ina sheria yake, iliyopitishwa na bunge la jimbo mwaka 2021 na kuanza kuibana miji Julai 2023. Inasema kanuni yoyote inayohusu kukaa, kulala au kujikinga na baridi na mvua mahali pa umma lazima iwe ya busara kwa saa, kwa mahali na kwa namna, na hali ya asiye na pa kwenda izingatiwe. Sheria hiyo haikuguswa. Januari 2025 Grants Pass ilishtakiwa tena, safari hii kwa sheria ya jimbo. Machi jaji akauzuia mji kutekeleza kanuni zake, na Agosti pande mbili zikapatana: mji utenge nafasi zisizopungua 150 za kupiga mahema. Mji huo ndio ulioshinda kule Mahakama ya Juu.

Portland yenyewe imeandika sheria yake mara mbili. Juni 2023 madiwani walipiga marufuku kambi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Novemba jaji akaisimamisha. Mei 2024 wakaja na nyingine: anayepewa nafasi ya hifadhi inayomfaa akaikataa anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 100 au kufungwa hadi siku 7. Atakayekuambia sheria ni moja na iko wazi hajaufuatilia mjadala huu.

"Mahema ni kazi ya ustawi wa jamii, barabara ni kazi ya wahandisi"

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu inaua watu.

Mwaka 2021 watembea kwa miguu 27 waligongwa na magari na kufa Portland. Idara ya barabara ya jiji ilipochunguza vifo hivyo ilikuta 19 kati yao hawakuwa na makazi. Wasio na makazi ni sehemu ndogo sana ya wakazi wa jiji, lakini mwaka ule walikuwa saba katika kila kumi waliokufa kwa namna hiyo.

Sababu inaonekana ukisimama kando ya 82nd Avenue usiku. Ni barabara yenye njia nne za magari na ya tano katikati ya kugeuzia. Ilijengwa kuwa barabara kuu ya jimbo, na jiji lilikabidhiwa mwaka 2022 tu. Kuna mahali vivuko viko mbali mbali na mwanga ni hafifu. Mtu anayelala ukingoni pake haivuki mara moja kwa siku kama sisi tunaowahi basi. Anaivuka kufuata maji, anaivuka kutafuta choo, anaivuka kwenda dukani na kurudi. Mvua inanyesha, blanketi jeusi liko begani, anasukuma kigari cha supamaketi kilichobeba kila alichonacho. Dereva humwona akiwa ameshamfikia. Na kukaa ndani ya hema si salama vilevile: Machi 2022 mjini Salem, makao makuu ya jimbo, gari liliacha njia likaingia kambini na kuua watu 4.

Februari 2022 meya wa wakati huo, Ted Wheeler, alikataza kwa amri ya dharura kambi kando ya barabara zenye ajali nyingi. Sababu aliyotoa ilikuwa ya kweli. Lakini amri ilitaja mahali pa kutolala bila kutaja pa kulala, na aliyeondolewa ukingoni mwa barabara moja hakuacha kuwa mtembea kwa miguu katika jiji lile lile. Kwa maoni yangu taa, vivuko na kupunguza mwendo wa magari vilipaswa kuwemo kwenye kikao hicho hicho kilichojadili mahema.

Upande wa pili nao una haki yake. Septemba 2022 wakazi wenye ulemavu waliishtaki Portland wakisema mahema yameziba njia za miguu. Mtu wa kiti cha magurudumu akikuta hema limejaa upana wote wa njia, hana pa kupita ila kushuka kwenye lami, katikati ya magari. Mwaka 2023 jiji likapatana nao na kukubali kuzipa njia za miguu kipaumbele katika kuondoa kambi. Siwezi kumdharau mlalamikaji huyo, kama nisivyoweza kumdharau aliye ndani ya hema. Wote wawili wanasukumwa kwenye barabara ile ile.

Mipango ya mahema na ya barabara ilitengana kwa sababu ya jinsi jiji lilivyoongozwa. Tangu 1913 Portland ilitawaliwa kwa mfumo wa makamishna, kila mmoja akisimamia idara zake: mwenye barabara na mwenye bustani za umma wangeweza kuwa watu wawili wenye misimamo miwili. Wapiga kura waliukataa mfumo huo Novemba 2022. Januari 2025 likaanza baraza jipya la madiwani 12 kutoka wilaya nne, pamoja na meya Keith Wilson, mfanyabiashara wa malori aliyeomba kura kwa ahadi ya kufungua hifadhi za kulala usiku. Hata hivyo, ardhi ya kando ya barabara kuu ya I-205 ni ya idara ya uchukuzi ya jimbo. Mabasi na treni ni vya shirika la TriMet, ambayo bodi yake huteuliwa na gavana. Hifadhi nyingi hulipiwa kupitia Kaunti ya Multnomah. Diwani hulaumiwa kwa yote, ilhali funguo nyingine ziko mifukoni mwa watu wengine.

"Wakipigwa faini watajifunza"

Grants Pass ilitoza dola 295 kwa kulala nje, na isipolipwa ikapanda hadi 537.60. Asiye na kodi ya chumba atazitoa wapi? Deni lisilolipwa humfuata mtu, na mwenye nyumba huku hukagua madeni kabla hajakupa funguo.

Kuna kesi ya Seattle ambayo watu hawaitaji vya kutosha. Mtu aliyekuwa akiishi ndani ya pikapu yake, yenye zana zake za kazi, alivutiwa gari kwa kuegesha mahali pamoja zaidi ya saa 72, akadaiwa zaidi ya dola 500 za kulivuta na kulitunza. Akalala nje na kazi ikamshinda, zana zikiwa zimefungiwa humo. Mwaka 2021 mahakama ya juu ya jimbo la Washington ilisema gari hilo lilikuwa makazi yake kisheria, na gharama ile ilizidi kiasi kwa mtu wa hali yake. Hiyo nayo ni kanuni ya maegesho tu, ya usafiri.

"Wametoka majimbo mengine," na "ni dawa za kulevya tu"

Utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliotolewa Juni 2023 baada ya kuwauliza watu karibu 3,200, ulikuta tisa katika kumi walipoteza nyumba yao ya mwisho humo humo California. Ama dawa, West Virginia imeongoza Marekani kwa kiwango cha vifo vya dawa hizo kwa miaka mingi, lakini kiwango cha wasio na makazi kule kiko chini sana ya Oregon. Kodi za nyumba kule ndizo nafuu.

"Wanapewa hifadhi wanakataa"

Wapo wanaokataa. Uliza wanapewa nini. Hifadhi iliyotegemewa Grants Pass iliwataka wageni wake wahudhurie ibada, wafanye kazi na wasivute sigara. Kwingine mume na mke hutenganishwa, mbwa haingii, na mwenye zamu ya usiku hukuta mlango ukifungwa saa anayotoka kwenda kazini.

Kabla ya kambi kuondolewa, sheria ya Oregon hutaka tangazo libandikwe saa 72 mapema na mali itunzwe kwa siku 30. Kinachoonekana takataka hutupwa siku ile ile. Begi lililolowa mvua linaonekana takataka, na ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na dawa za kisukari. Bila kitambulisho maombi ya nyumba hayaendi mbele, na anayekitafuta upya hurudi nyuma miezi kadhaa.

Kwa walio mashariki ya I-205: Wilaya ya 1 ina madiwani watatu, na kikao cha baraza husikiliza mkazi yeyote anayejiandikisha. Mkalimani huombwa mapema. Wakija na hoja ya mahema, waulizwe na kivuko cha watembea kwa miguu cha barabara ya 122nd Avenue kitawekwa lini.