Mshairi Mhariri: Kazi Yake Hasa ni Ipi?

Mshairi mhariri ni mtunzi ambaye, mbali na mashairi yake, hupitia ya wenzake kabla hayajachapishwa. Wengi huongeza na tafsiri, maana vina na mizani havijazi sufuria. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alizifanya zote tatu: mashairi aliyotunga gerezani yalitoka 1973 katika Sauti ya Dhiki, akamtafsiri Ayi Kwei Armah wa Ghana, na baadaye akahariri jarida kule London.

Sasa njoo Kisumu. Tuseme kijana ameleta tarbia kuhusu ufuo wa Dunga. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo mizani (yaani silabi) 16: 8 kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 kwenye utao, nusu ya pili. Kijana ameandika, "Wavuvi wa Dunga wanarudi, na nyavu zao tupu." Hesabu: 10 kwa 7. Mshororo unachechemea. Akiambiwa, anarekebisha: "Wavuvi warudi Dunga, nyavu zao zote tupu." Mizani imetimia, na mhariri wa kuhesabu tu angeupitisha. Mshairi mhariri hukwama kwenye "zote", neno lililoingizwa kuziba pengo. Hupendekeza, "nyavu begani, ni tupu." Bado ni 8, kina cha -pu kiko palepale, ila sasa tunamwona mtu anatembea. Akishapendekeza, humwachia mwenye shairi uamuzi.

Kuna pia kujua pa kutogusa. Aliyezoea kuhariri insha akikuta "ziwani hatwendi tena" mkono humwasha: ataandika "hatuendi tena ziwani", na mizani 8 itakuwa 9. Hajui kwamba mtunzi ametumia inkisari kufupisha neno, na ameboronga sarufi makusudi, yaani amepindua mpangilio wa maneno. Huo ni uhuru wa mshairi. Ukiunyoosha wote, unabaki na nathari iliyokatwakatwa.

Kwenye tafsiri mambo huwa magumu zaidi. Chukua wimbo wa msibani unaoimbwa kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Maneno mengi ya Kijaluo huishia kwa konsonanti, na wimbo haukupangwa kwa vina na mizani ya tarbia. Mfasiri ataubana humo, au ataandika shairi huru? Mimi ningechagua shairi huru, hasa kwa sababu nyimbo hizo hutaja watu na jamaa zao kwa majina, na jina la marehemu si kitu cha kufanyiwa inkisari.