Moyo wa mwanamke, moyo wa mwanamume: kromosomu zinahusikaje?

Maswali haya yaliulizwa na wakazi wa Ngamiani na Chumbageni, jijini Tanga, baada ya zoezi la kupima presha.

Shikamoo daktari. Hizo kromosomu za jinsia ni kitu gani, na moyo zinauingiliaje?

Marahaba, mwanangu. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23, zilizobeba jeni: maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Jozi moja ndiyo ya jinsia. Kwa kawaida mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Mama hutoa X siku zote. Baba ndiye anayetoa X au Y, kwa hiyo mawifi wanaomsimanga mke kwa kuzaa wasichana watupu wamebisha mlango siwo. Seli za moyo na za kuta za mishipa nazo zina jozi hiyohiyo. Jinsia haikai kwenye uzazi peke yake.

Mimi nilisikia tofauti ni homoni tu.

Homoni zina mkono mkubwa, sikatai. Estrojeni, homoni ya kike, husaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri. Wanawake wengi huanza kuugua mishipa ya moyo miaka kama 10 baada ya wanaume, na hatari hupanda hedhi ikishakoma. Kwa muda mrefu maelezo yaliishia hapo, kwa sababu kwa binadamu homoni na kromosomu huenda pamoja. Ni vigumu kujua kipi kimefanya nini.

Watafiti wakatengeneza panya wa kipekee. Kwenye Y kuna jeni iitwayo Sry, inayoamuru korodani ziumbike. Waliitoa hapo wakaihamishia kwenye kromosomu nyingine isiyo ya jinsia. Wakapata panya wa aina nne: wenye ovari na XX, wenye ovari na XY, wenye korodani na XX, wenye korodani na XY. Sasa kulinganisha kukawezekana.

Majibu yalishangaza. Panya wenye XX, hata wale wenye korodani, walinenepa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukaonyesha kwamba mishipa yao iliganda mafuta kuliko ya wenye XY, na matumbo yao yalifyonza mafuta mengi zaidi ya chakula. Inakuwaje? Kila seli ya mwanamke huzima X moja, jambo alilolieleza Mary Lyon wa Uingereza mwaka 1961. Lakini haizimwi yote. Baadhi ya jeni huendelea kufanya kazi kwenye X zote mbili, na mwenye XX akapata dozi kubwa zaidi. Mojawapo ni KDM5C, ambayo kwa panya imehusishwa na unene.

Panya si mtu, hilo lazima tulishike. Hata hivyo, nionavyo mimi, utafiti huu unaivunja ile imani kwamba mwanamke amekingwa. Estrojeni inambeba kwa muda. XX huenda inamvuta upande wa pili, na estrojeni ikipungua hana tena wa kumshika.

Mimi nimeshafika miaka 70. Nimeambiwa wanaume tunapoteza Y. Kweli, au mnatutania?

Kweli, mzee wangu, ila uanaume wako uko palepale. Inayopotea ni Y ya baadhi ya seli za damu. Seli hizo hugawanyika miaka nenda miaka rudi, na nyingine huiacha Y njiani. Kufikia umri wako, hali hiyo huonekana kwa takriban wanaume 4 kati ya 10.

Mwaka 2022 timu iliyoongozwa na Kenneth Walsh wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, iliondoa Y kwenye seli za damu za panya dume. Seli za ulinzi zilizokosa Y ziliingia moyoni na kuchochea makovu. Moyo ukakakamaa na kupungua nguvu. Sigara huongeza upotevu huo wa Y, na kwa walioacha kuvuta hupungua. Hiyo ya baada ya kahawa, hapo barazani, izime.

Binti yetu ana miaka 15, mfupi kuliko wenzake wote, na hajavunja ungo.

Mpelekeni hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu. Msichana 1 kati ya takriban 2,500 huzaliwa na X moja tu iliyo kamili. Huitwa hali ya Turner. Baadhi yao wana valvu (mlango) ya aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, yenye vipande viwili badala ya vitatu, au aota iliyobanwa, na baadaye inaweza kutanuka hata kupasuka. Akikutwa na hali hiyo ya Turner, apimwe moyo kwa ultrasaundi hata kama hana dalili yoyote.

Basi na mimi nipime kromosomu?

Hapana, fedha hiyo itafutie kazi nyingine. Pima presha na sukari. Ng'onda na papa mkavu waloweke, umwage maji, maana chumvi yao ni kali. Na kama uliwahi kupata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, mwambie daktari hata kama mtoto huyo sasa ana wajukuu. Hatari yake kwa moyo hudumu miaka mingi, na akina mama wengi hawaisemi kwa sababu hawaulizwi.

Dalili za shambulio la moyo kwa mwanamke ni tofauti?

Maumivu au kubanwa kifua ndiyo dalili kuu kwa wote. Ila mwanamke mara nyingi zaidi huongeza kichefuchefu, kuishiwa pumzi, uchovu usioelezeka, maumivu ya mgongo au taya. Nyumbani watasema ni gesi au vidonda vya tumbo, apewe tangawizi asubiri kupambazuke. Akitokwa na jasho jembamba na pumzi inakatika ilhali amekaa tu, mtafutieni usafiri saa hiyohiyo, hata akisema kifua hakimuumi.