Fleksografia na uchapaji wa kidijitali: tofauti iko kwenye bamba

Pakiti ya unga ya kilo 2 kwa kawaida huchapwa kwa fleksografia. Stika 200 za chupa za asali, zilizoagizwa River Road, Nairobi, asubuhi na kuchukuliwa jioni, ni kazi ya mashine ya kidijitali. Wengi hudhani tofauti ni ubora wa picha. Sivyo: fleksografia ina bamba, dijitali haina, na mengine yote yanatokana na hapo.

Bamba lenyewe ni la fotopolima (plastiki inayogandishwa kwa mwanga), laini na lenye kupindika kama mpira, na sehemu zinazochapa zimeinuka kama kwenye muhuri. Kwa lebo, unene wa kawaida ni milimita 1.14 au 1.70. Kila rangi hutaka bamba lake. Picha ya rangi kamili huanza na manne: siani, majenta, manjano na nyeusi. Rangi maalumu ya kampuni ni la tano, na weupe wa kutangulizwa kwenye plastiki angavu ni la sita. Mashine ikizunguka, rola ya aniloksi yenye vishimo visivyoonekana kwa macho huchota wino, kisu hukwangua wa ziada, na uliobaki vishimoni hupakwa kwenye bamba, nalo hugusa karatasi.

Hugusa tu, halikandamizi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Opereta akiona rangi imefifia, huongeza presha. Bamba hubonyea, wino husukumwa pembeni, herufi zinazungukwa na ukingo mzito, na mistari ya msimbo pau (barcode) inanenepa hadi skana ya supamaketi inakataa kuisoma. Kumbe vishimo vya aniloksi vilikuwa vimeziba kwa wino uliokauka! Vioshwe kwanza, presha baadaye. Wino wa maji nao huhitaji pH (kipimo cha asidi na alkali) ya takriban 8.5 hadi 9.5, ikishuka, wino huwa mzito na kuchapa vibaya. Uzito huo, yaani ugumu wa kutiririka, hupimwa kwa kikombe chenye tundu: kijaze, kiinue, uhesabu sekunde mpaka mchirizi ukatike.

Bamba pia huvutika linapozungushiwa silinda. Kwa hiyo picha hufupishwa kidogo kwenye faili kabla bamba halijatengenezwa, na mistari ya msimbo pau hulazwa kufuata mwendo wa karatasi, isikingame.

Mashine ya kidijitali husoma faili na kuweka wino au tona (wino wa unga) moja kwa moja. Kila nakala inaweza kuwa na namba yake ya mfululizo, jambo ambalo bamba peke yake haliwezi. Ina maradhi yake: nozeli (tundu la kutolea wino) moja ikiziba, mstari mwembamba mweupe hukatiza kila lebo, na tona hupasuka penye mkunjo wa kasha.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mabamba manne yanagharimu shilingi 24,000, kila lebo ya fleksografia shilingi 1, na ya kidijitali shilingi 3 bila mabamba. Gharama zinalingana kwenye lebo 12,000. Chini ya hapo dijitali ni nafuu. Juu yake fleksografia inaiacha mbali. Mita za karatasi zinazotupwa wakati wa kulinganisha rangi ziongezwe upande wa fleksografia, maana wateja huzisahau.

Mwenye bidhaa ya ladha tatu asikimbilie kulipia mabamba kumi na mawili. Kama mchoro ni mmoja, jina la ladha na orodha ya viungo viwekwe kwenye rangi nyeusi pekee, na msimbo pau wa kila ladha uwe humo humo. Ladha ikibadilika, linabadilishwa bamba jeusi tu: matatu ya rangi kwa ladha zote na matatu meusi, jumla mabamba sita.

Na kabla ya kulipa, uliza mabamba ni mali ya nani na yatawekwa wapi. Yaoshwe mara kazi inapokwisha, kabla wino haujakauka, kisha yalazwe mbali na jua. Yakiachwa dirishani huwa makavu na kupata nyufa, na oda ya pili utailipia upya.