Geji Ikisoma Chini, Usikimbilie Pampu

Wateja wengi wanaoniletea Toyota Corolla AE100 huanza na maelezo yaleyale: gari linawaka vizuri asubuhi na linatembea mjini bila shida, lakini likipanda mwinuko likiwa na abiria wanne hukosa nguvu na kupiga misi. Mara nyingi pampu ya mafuta imekwisha kubadilishwa kabla gari halijafika kwangu, na ile ya zamani imo kwenye buti, imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni kama kielelezo cha mahakamani.

Kwenye injini ya 5A-FE ya gari hilo, pampu iliyo ndani ya tenki husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyohitaji, na regyuleta iliyofungwa kwenye reli ya nozeli hurudisha ziada kwenye tenki. Regyuleta hiyo imeunganishwa na manifodi ya hewa kwa mpira mwembamba. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, mvuto wa hewa hushusha presha hadi kati ya psi 30 na 37. Mpira ukichomolewa na tundu la manifodi kuzibwa, presha inapaswa kupanda hadi kati ya 38 na 44. Kwa hiyo dereva anapokanyaga mafuta, mvuto hupungua na presha inatakiwa kupanda. Ikishuka wakati huo, mafuta hayafiki ya kutosha, hata kama kipimo cha sailensa kilikuwa kizuri.

Kabla ya kulegeza bomba lolote, chomoa soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, washa injini na uiache izime yenyewe, kisha uondoe waya hasi wa betri na kufunika kiungo kwa kitambaa. Geji ya presha ya mafuta nataka isomwe gari likiwa na mzigo, si likiwa limeegeshwa tu. Hutumia geji yenye mpira mrefu, naifunga kwa utepe kwenye kioo cha mbele upande wa nje, kisha natafuta mlima. Geji ya petroli haiingizwi ndani ya gari.

Gari la mwezi uliopita lilisoma 31 kwenye sailensa, 33 mpira ulipochomolewa, na mlimani sindano ikateremka hadi 26. Tuliporudi gereji nilibana taratibu, kwa sekunde chache tu, mpira wa kurudishia mafuta. Presha ingepanda ghafla, lawama ingekuwa ya regyuleta, lakini sindano haikutikisika. Ndani ya mpira wa mvuto hakukuwa na petroli, ambayo ingeashiria kwamba kiwambo cha regyuleta kimechanika. Chujio, ambalo kwenye gari hili limo ndani ya boneti na hubadilishwa kwa dakika chache, nililibadilisha bila kupata nafuu yoyote.

Hapo mafundi wengi huagiza pampu nyingine, nami zamani nilifanya hivyo. Siku hizi nachukua kwanza mita ya umeme. Injini ikiwa inaunguruma, betri ilikuwa na volti 13.9, lakini kwenye soketi ya pampu, pampu ikiwa kazini, nilipata 10.6. Kupima ukiwa umechomoa soketi hakusaidii, kwa sababu waya mbovu usiobeba mzigo huonyesha volti kamili. Nilipoweka ncha moja ya mita kwenye waya hasi wa pampu na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, mita ilisoma 2.7, mahali ambapo ingepaswa kukaribia sifuri. Volti 0.6 zilizobaki zilipotelea upande wa chanya, kwenye miguu ya relei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, iliyokuwa imeungua kidogo.

Waya hasi ulikuwa umefungwa kwenye bodi kwa skrubu iliyooza kutu, na nilipoigusa kwa bisibisi ikabaki mkononi. Nilikwangua rangi mpaka chuma king'ae, nikaweka kichwa kipya cha waya, nikabadilisha relei. Mpira ulipochomolewa tena, geji ilisoma 41, na mlimani haikushuka.

Kwa udadisi, na kwa kuwa mwenye gari alikuwa na muda, nilirudisha ile pampu ya kwenye mfuko wa nailoni. Nayo ilitoa 40. Aliniomba niiache humo humo, akaiweka ile mpya kwenye buti kama spea.