Nunua metali kwanza, krenki ichongwe baadaye

Gari ikitoka ovahoo, yaani injini imefunguliwa yote ikafungwa upya, asubuhi inakwenda vizuri. Shida inakuja mchana umekwama foleni ya Ubungo, oili imechemka, injini iko silensa (inaunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta), na taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa. Ukirudi gereji unaambiwa ubadilishe swichi ya oili, halafu pampu, halafu uweke oili nzito. Mara nyingi ugonjwa uko mahali ambapo hakuna aliyepapima: kati ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na metali zake, yaani vipande vyembamba vya nusu duara ambavyo krenki inazungukia ndani yake.

Nafasi inayotakiwa hapo, kwa injini nyingi za gari ndogo, ni milimita 0.02 hadi 0.05 hivi. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo. Humo ndimo oili inapokaa ikaibeba krenki, chuma kisiguse chuma. Nafasi ikibana mno, oili haipiti, metali zinaungua na injini inakwama. Ikizidi, oili inatorokea pembeni, na inatoroka kwa kipeo cha tatu: nafasi ikiwa mara mbili, oili inayovuja ni karibu mara nane. Pampu inayozunguka polepole kwenye foleni haiwezi kufidia hiyo.

"Sasa fundi, si umezungusha krenki kwa mkono ikaenda laini?" Wateja huniuliza hivyo, na mafundi wenzangu pia. Bosi wangu, mkono unakwambia kama imebana, basi. Yenye 0.03 na yenye 0.09 zote zinazunguka laini ukishazipaka oili.

Nikupe mfano wa 3S ya Noah ya zamani. Krenki ilikuja imeshachongwa, imeandikwa 0.25, yaani imepunguzwa milimita 0.25, na boksi la metali za kufidia upungufu huo nalo limeandikwa 0.25. Shingo ya konrodi, yaani sehemu ya krenki inayoshikwa na mkono wa pistoni, kwa injini hii ni milimita 48, kwa hiyo nilitegemea 47.75 au pungufu kidogo sana. Maikromita ikasoma 47.74 upande mmoja, 47.72 upande wa pili wa shingo ile ile. Nikafunga konrodi na metali zake, nikakaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kama kitabu kinavyosema, nikapima tundu: 47.79. Toa hesabu mwenyewe. Huku 0.05, kule 0.07. Namba za nje zinafanana na bado vitu haviendani. Ikabidi krenki irudi kuchongwa 0.50 na metali zinunuliwe nyingine. Mwenye gari alinuna, na haki alikuwa nayo.

Ndiyo maana nasema mpangilio wetu uko kinyume. Tunapeleka krenki kuchongwa, kisha tunakwenda Kariakoo kutafuta metali. Geuza. Kwanza mchongaji aiangalie krenki aseme itasafishika kwa saizi gani. Nunua metali za saizi hiyo, zifunge kavu kwenye bloku na konrodi, kaza, pima kila tundu, halafu umpe namba kamili anayotakiwa kufikia kwenye kila shingo. Mchongaji mzuri atafurahi. Akikuambia "wewe lete tu, mimi najua", tafuta mwingine.

Tundu pima kwa geji ya saa, ile yenye mshale ya kupimia ndani ya tundu, na pima wima, mbali na maungio ya kepu, yaani kifuniko kinachofunga metali. Karibu na maungio metali imefanywa nyembamba makusudi, ukipima hapo utapata nafasi ya uongo. Shingo nayo ipime pande mbili zinazokatana na ncha zote mbili, ujue kama ina uyai (si duara kamili) au mshazari (ncha moja nene kuliko nyingine). Venia weka pembeni kabisa. Kosa lake peke yake linaweza kumeza nafasi yote unayoitafuta.

Asiye na geji ya saa atumie uzi wa Plastigauge, uzi laini wa plastiki unaobanwa ukatanuka. Wa kijani unapima 0.025 hadi 0.076. Futa oili yote, laza kipande kwa urefu wa shingo, funga kepu, kaza mpaka mwisho, fungua, linganisha upana na karatasi yake. Krenki isizunguke hata kidogo. Uzi ukitoka mpana ncha moja na mwembamba ncha ya pili, shingo ina mshazari. Uliokauka dukani ukawa unakatika-katika usiununue.

Halafu kuna jua letu. Bloku la aluminiamu likianikwa uani Januari huku maikromita iko kivulini kwenye kisanduku, unapima hali ya hewa. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hata shingo ya chuma ya milimita 50 ikizidi joto nyuzi 10 inanenepa karibu 0.006. Mimi huacha kila kitu pamoja ndani usiku kucha, napima asubuhi.

Wapo wanaopiga kepu msasa ili kubana metali iliyolegea, au wanaoweka karatasi ya sigara nyuma yake. Msasa unaharibu uduara wa tundu, karatasi inazuia joto kutoka. Sigusi kazi ya namna hiyo.

Na kama krenki haijachongwa, usiombe "STD" (saizi ya kiwandani) tu. Injini nyingi za Toyota zina STD za unene tofauti kwa mikroni chache, zinazochaguliwa kwa namba zilizogongwa kwenye bloku na kwenye krenki. Namba hizo zipige picha kabla bloku halijaenda kuoshwa, na uende nazo dukani.