Bunduki zikilia, shule ifanye nini?

Mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ukafuata katikati ya Februari, shule za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini zilifungwa kwa wingi. UNICEF ilitaja zaidi ya shule na vituo vya kusomea 2,500. Tangu hapo wazazi wanatuuliza: tumrudishe mtoto darasani, au abaki nyumbani mpaka vita viishe? Mashariki mwa Kongo milio ya bunduki imekuwa ikija na kuondoka tangu miaka ya 1990. Anayesubiri iishe atamaliza utoto wake akisubiri. Arudi, ila arudi kwenye shule iliyojiandaa, na jambo kubwa kuliko yote katika maandalizi hayo ni kuwaweka wenye silaha nje ya uzio.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linalosahaulika. Kwa sheria za vita shule ni mali ya raia, hairuhusiwi kushambuliwa. Lakini askari wakilala darasani, au wakiweka risasi stoo, adui wao anaweza kuihesabu shule hiyo kuwa kambi, na kinga yake hupotea. Mwaka 2013 waziri wa ulinzi wa Kongo alitoa agizo la kuwakataza wanajeshi kutwaa shule. Mwaka 2015 Azimio la Shule Salama, ahadi ya nchi mbalimbali ya kulinda shule wakati wa vita, lilizinduliwa Oslo, Norwei, na Kongo ikaliunga mkono mwaka uliofuata. Mkuu wa shule asibishane na mwenye bunduki. Hiyo si kazi yake. Aandike tarehe na vyumba vilivyochukuliwa, kisha taarifa ipelekwe na watu ambao makamanda huwasikiliza. Kwa Kongo, hao mara nyingi ni viongozi wa makanisa, kwa kuwa shule nyingi za serikali husimamiwa na makanisa.

Kuta nazo zina habari yake. Kharkiv nchini Ukraine, yapata kilomita 30 tu kutoka mpaka wa Urusi, ilifungua madarasa ndani ya vituo vya treni za chini ya ardhi mwaka 2023. Goma haina pa kujichimbia namna hiyo. Madarasa mengi ni ya mbao na mabati, na risasi hupenya ubao bila shida. Lakini mji umejaa mawe ya volkano ya Nyiragongo, na watu wameyajengea misingi na kuta za uzio. Mwalimu azunguke, atafute ukuta mnene wa mawe ulio karibu na kila darasa, awaoneshe watoto. Wakisikia mlio, walale kifudifudi mbali na madirisha. Mwalimu akiona kumetulia, awaongoze wakitambaa hadi nyuma ya ukuta huo. Zoezi lirudiwe mpaka wa darasa la kwanza wajue. Lifanyike kwa upole, bila makelele ya kuigiza vita, maana wapo watoto waliokwisha kuyaona yenyewe.

Hatari kubwa ni kuwafungulia watoto geti mara milio inapoanza, huku wazazi nao wakikimbilia shuleni. Wote wanakutana barabarani, mahali pabaya kuliko pote. Haya yakubaliwe mapema kwenye kikao cha wazazi: mtoto hatoki mpaka kutulie, na nani atawachukua wadogo ambao mzazi wao hajafika. Siku za kawaida pia watoto wa njia moja watembee pamoja na mtu mzima, kwa sababu makundi yenye silaha huwakamata watoto njiani na kuwatia jeshini. Kwa sababu hiyohiyo, daftari la majina lisiachwe mezani shule ikikimbiwa. Orodha ya wavulana wa miaka 14 ni kitu cha hatari mikononi mwa anayetafuta wapiganaji.

Mapigano yakipita, mtu asiharakie kufagia uwanja. Maguruneti na mabomu yasiyolipuka hubaki kwenye majani na vyooni, na mtoto huona chuma cha kuchezea. Asiguse, asirushie jiwe. Arudi kwa njia aliyojia, amwambie mtu mzima, na pawekwe alama mpaka wataalamu wa mabomu wafike.

Waliokimbia makwao wakiwa wamelala madarasani, tusiwafukuze usiku mmoja. Watafutiwe pengine kwanza, na wakati huo masomo yaende kwa zamu chini ya turubai. Kuni zitafutwe mapema pia, la sivyo madawati ndiyo watakayoyachoma wapikie.

Mtoto aliyekimbia bila buletini, yaani ripoti ya matokeo yake ya shule, apokelewe. Mwalimu ampe maswali machache ya kusoma na hesabu, amweke darasa linalomfaa, na karatasi zifuatiliwe akiwa tayari ameketi anasoma.